Naomba ushauri: namna ya kuweka maiki kwa anayeimba huku akipiga kinanda

Ndugu zangu, habari za leo. Ninapiga kinanda kanisani na sasa ninaongoza pia nyimbo, hivyo natumia maiki ya Shure SM58 kwenye stendi iliyonyooka, ambayo nimelazimika kuisimamisha upande wa kushoto kwa sababu miguu yake inagongana na ya kinanda. Kila ninapoinamisha kichwa kutazama vidole, mdomo unaachana na maiki kiasi cha shubiri nzima na sauti inafifia katikati ya ubeti, jambo linaloniumiza kwa kuwa waimbaji wananifuata mimi. Fundi mitambo akiongeza sauti kwenye mixa, spika ya sakafuni iliyo kando yangu inaanza kupiga mluzi. Ninafahamu kwamba maiki hii hupokea zaidi sauti ya mbele na kuikataa ya nyuma, kwa hiyo nafikiria kuihamishia spika hiyo nyuma yake.

Je, ninunue stendi yenye mkono unaolala na kupita juu ya kinanda, au maiki ya kuvaa kichwani, ambayo naogopa itanasa kila pumzi? Mliopitia hali hii, naomba mnieleze pia umbali unaofaa kati ya mdomo na maiki.