Barua ya posa iwe fupi au ndefu? Naombeni ushauri, mshenga anaondoka Jumamosi

Seremala wa Pongwe
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba tusitaniane sana maana jambo lenyewe limenikaa kooni.

Jumamosi hii mshenga wangu anapeleka barua ya posa Muheza. Nimeshaiandika kwa mkono, kurasa nne za karatasi ya mistari. Jana nilimsomea kaka yangu, ukurasa wa pili haujaisha akanikatiza: "Posa haiandikwi hivyo, posa ni mistari sita." Mimi mistari sita naiona ni dharau kwa mzee wa watu. Unamwomba binti aliyemlea na kumsomesha kwa maneno ya kujaa kiganja? Walioposa na waliopokea posa nisaidieni. Fupi au ndefu?

Mchuma Karafuu
Fupi. Nimemaliza.

Mama Wawili
Fupi baba. Salamu, ni nani anayeposa, anamposa nani, na jibu liletwe kwa nani. Barua ndefu ni yetu sisi wa upande wa kike: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha babu, blanketi la bibi. Ya mwanangu wa kwanza tulijibu karatasi mbele na nyuma, na bado mjomba wake akanuna kwamba kasahauliwa. Hadi leo akija kwangu kwenye shughuli hali wali, anakunywa maji anaondoka. Ndugu hawa!

Ustaadh wa Jioni
Assalaam alaykum. Katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Ammar bin Yasir, Mtume (s.a.w.) anasema urefu wa sala ya mtu na ufupi wa hotuba yake ni alama ya ufahamu wake. Ikiwa hotuba ya Ijumaa inatakiwa ifupishwe, sembuse posa? Halafu vijana mnakosea mahali pengine kabisa. Mnamaliza mazungumzo yote na binti kwenye simu usiku kucha, ndipo mnakumbuka kuna wazee. Lingeanzia kwa wazee, mngepungukiwa na ya kueleza.

Chalii wa Kona
Kurasa nne? Mkuu unaposa au unaomba mkopo benki?

Karani Mstaafu
Ndugu zangu, ufupi msiusifie bure. Mimi nimekaa kaunta ya posta enzi za telegramu, mteja analipa kwa kila neno. Mtu anakuja na habari nzito, anahesabu senti zake, anaanza kukata maneno mbele yako mpaka yanabaki MAMA MGONJWA NJOO. Na kila aliyepokea simu ya namna ile alijua mama hayupo tena, anapanda basi na kanzu ya mazishi kwenye begi. Wapo waliolia njia nzima kumbe mgonjwa ni mgonjwa kweli. Ufupi ule haukuwa adabu, ulikuwa bei. Jambo linaloweza kueleweka vibaya lipewe maneno yake.

Lakini wewe seremala, kaka yako amekukatiza ukurasa wa pili. Pale pana nini?

Seremala wa Pongwe
Asante mzee wangu. Ukurasa wa pili ni maelezo yangu binafsi tu: kazi, afya, mambo ya ukoo. Swali langu lilikuwa urefu.

Binti Ngamiani
Ukoo gani huo unaosubiri ukurasa wa pili? Ukoo huanza mstari wa kwanza, "mimi ni fulani bin fulani wa mahali fulani". Kaka, sema.

Mchuma Karafuu
Tupo tunasubiri.

Seremala wa Pongwe
Sawa. Nina mtoto wa kiume, yuko darasa la kwanza, anaishi kwa mama yangu. Mama yake ameolewa kwingine, hatuna ugomvi. Nikishaoa nataka mtoto aje akae na mimi. Hayo ndiyo niliyoyaandika, na yamechukua nafasi kwa sababu sikutaka yaonekane kama doa. Binti anajua nina mtoto.

Binti Ngamiani
Anajua una mtoto, au anajua mtoto anakuja kukaa naye?

Seremala wa Pongwe
Tumegusia.

Binti Ngamiani
Kugusia ndiyo nini? Ulimwambia "mwanangu atalala chumba kile, wewe ndiye utamwandaa kwenda shule asubuhi", au ulisema "Mungu akijaalia tutakuwa wote"? Dada yangu aligusiwa hivyohivyo. Vyakula vya harusi havijachacha, watoto wawili wakashushwa na mabegi mlangoni. Anawapenda, lakini dada hajamsamehe yule mume.

Wakili Mlalahoi
Niweke la sheria halafu nipite. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanaooana watoe taarifa ya nia yao siku 21 kabla. Humo mnaandika majina, umri, makazi, wazazi na hali yenu ya ndoa. Hakuna mahali pa kujaza watoto. Kwa hiyo kama ulidhani lazima uandike ndipo ndoa isimame, haiko hivyo. Deni lako ni kwa binti.

Seremala wa Pongwe
Nimewasikia wote, lakini na mimi nisikilizwe. Nimelelewa nyumbani kwa baba yangu nikiitwa mpwa. Wageni wakija, "huyu ni mpwa wetu". Nimeandikishwa shule na mjomba. Baba nilikuja kumwita baba nikiwa na ndevu, na hapo tayari anaumwa. Nikasema mwanangu ataingia nyumba yangu jina lake likiwa kwenye karatasi, na wazee wa pande zote mbili wameliona. Maneno ya mdomo mshenga anayapunguza njiani. Ndiyo maana ndefu.

Msomaji wa Ukoo
Pole sana ndugu yangu. Sasa nikuambie barua yako itakavyosomwa, maana kwetu kazi hiyo ni yangu.

Bahasha inaletwa kwenye sinia, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee anaipokea haifungui, anamkabidhi babu mdogo, babu mdogo anasema miwani ameiacha, ndipo inanifikia mimi. Naisoma kwa sauti. Wanaume wako kwenye mkeka, shangazi wako nyuma ya pazia, majirani wamejaa barazani, watoto wako dirishani. Asiyesikia anasema "rudia hapo", narudia kwa sauti zaidi. Binti mwenyewe yuko chumbani, anasikia vipande. Sasa nifike ukurasa wa pili: "nina mtoto wa kiume..." Wa barazani aseme "rudia hapo".

Na barua ya posa haichanwi. Inawekwa kwenye sanduku pamoja na vyeti. Siku mtoto wako akigombana na wenzake, kuna mtu atakumbuka ilivyosomwa. Umetaka jina lake liheshimiwe, umeliweka mahali ambapo kila mpita njia atalishika.

Ndefu ina mahali pake. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, alimuusia bintiye mambo ya unyumba kwa beti zaidi ya mia. Lakini alianza kwa kumwita asogee karibu.

Jicho la Tatu
Naomba nikatize. Hii ni chai. Akaunti ya wiki hii. Kwanza "mambo ya ukoo", kisha mtoto, kisha mpwa. Kila akibanwa anatoa kipya. Tena seremala mwenye lugha nyoofu hivi? Weka picha ya barua au ufunge uzi.

Chalii wa Kona
Chai ya tangawizi hii, mimi nimeshachukua kikombe.

Ustaadh wa Jioni
Dhana nyingine ni dhambi, kijana. Na seremala kwani hakusoma?

Jicho la Tatu
Ustaadh, humu tumeshalizwa na hadithi za wagonjwa tukachanga, mgonjwa hakuwepo. Nina haki ya kuuliza.

Karani Mstaafu
Huyu hajaomba hata shilingi. Ameuliza urefu wa barua.

Mama Wawili
Iwe chai, isiwe chai, ninaye mjukuu wa namna hiyo hapa ndani, anafanya hesabu mezani ninavyoandika. Endeleeni.

Seremala wa Pongwe
Picha siweki. Ina jina la mzee wa watu na la mwanangu. Jicho la Tatu, usipoamini sikulaumu.

Msomaji wa Ukoo, hilo la "rudia hapo" sikulifikiria. Sasa nikitoa ukurasa wa pili, kinabaki nini?

Msomaji wa Ukoo
Kinabaki hiki, badilisha majina:

"Kwa Mzee wetu, assalaam alaykum. Sisi wazee wa kijana wetu fulani bin fulani wa Pongwe tunaleta ombi kwa heshima. Kijana wetu ameona ua katika nyumba yako, binti yako fulani, na anaomba kumuoa. Tukikubaliwa, tuko tayari kupokea taratibu zenu zote. Jibu tutalipokea kupitia mshenga wetu. Wako katika undugu."

Chini aweke sahihi baba mdogo au kaka yako, si wewe. Mtu hajiposei.

Binti Ngamiani
Na ukurasa wa pili apelekewe binti kabla ya Jumamosi. Asome peke yake.

Seremala wa Pongwe
Nitaunakili vizuri, kesho naenda Muheza kumpa mkononi. Mshenga nimempigia, anasubiri neno langu. Binti akisema mtoto asije, Jumamosi mshenga habebi kitu. Hilo sijadiliani na mtu.

Jicho la Tatu
Leta mrejesho. Ukileta, nitafuta nilichoandika.

Mama Wawili
Na mtoto mwenyewe umemwambia kwamba anahama kwa bibi yake?

Seremala wa Pongwe
Bado, mama. Nikifunga karakana leo napitia huko.