Mrejesho: Wasifu wa baba yangu, fundi seremala

Ndugu zangu, mnakumbuka niliomba msaada wa kuandika wasifu wa marehemu baba, fundi seremala wa Mpwapwa, nikisema hakuwa na cheo cha kutaja? Wengi mliniambia niende kwenye kazi zake. Nilienda.

Karakana bado inanukia mninga. Randa yake imelika pale kidole gumba kilipokaa miaka yote. Kwenye droo nikakuta daftari la madeni. Majina kadhaa yameandikwa "amemaliza", na mama akaninong'oneza kwamba wale hawakuwahi kulipa: wajane, na waliokosa uwele mwaka wa ukame. Milango yao aliipachika mwenyewe, pamoja na makomeo.

Basi kwenye arobaini nilisoma hayo, na jinsi alivyosubiri sote tushibe ugali na mlenda ndipo anawe. Shule na miaka, sentensi moja tu. Bibi mmoja akasimama, akasema kitanda alichojifungulia mwanawe wa kwanza ni cha baba, na hadi leo hakilii.

Asanteni mno. Daftari ninalo mimi. Randa kaichukua mdogo wangu, ameshaanza kuinoa.