Tupeane uzoefu: mliowahi kuruti tableti za zamani, ilikuwaje?

Mgosi wa Ngamiani

Wakuu, salaam. Nyumba nyingi hapa Tanga siku hizi zina tableti moja imelala kabatini. Kioo kizima, chaji inakaa, ila Android yake ni ya enzi za Nuhu na nusu ya vitu havifunguki. Ukimpelekea fundi jibu ni moja: "hii tuiruti tu." Na watu wanakubali, bila kuuliza inarutiwa ili ikafanye nini.

Naomba visa vya kweli. Taja modeli, Android namba ngapi, ulitaka ifanye kazi gani na imeishia wapi. Wale wa "rafiki yangu aliniambia" mkae benchi kwanza.

Niweke jambo moja sawa maana nimeona watu wakitoa hela kwa kulichanganya. Kuruti si kuapdeti. Unachofanya ni kuiingizia tableti programu ndogo iitwayo su, inayokupa wewe mwenye mali mamlaka ya kugusa mafaili ya mfumo ambayo kiwandani yalifungwa. Tableti ya Android 4.2 ukishairuti inabaki 4.2 vilevile. Ukitaka namba ya juu zaidi unatafuta romu nyingine kabisa, yaani mfumo mzima wa kifaa, na hiyo ni safari ya peke yake.

Yangu ni Samsung Galaxy Tab 2 ya inchi 7, GT-P3100, toleo la 2012, ile yenye tundu pana la chaji. RAM GB 1. Kazi niliyoitakia ni vitabu vya PDF na redio, basi. Nilitumia Odin, programu ya kompyuta ya kuandikia mfumo kwenye vifaa vya Samsung. Unazima tableti, unashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti mpaka ije skrini ya onyo, unakubali, halafu ndiyo unachomeka waya. Kile kisanduku cha ID:COM kikibadilika rangi ujue kompyuta imeiona. Faili la rikavari (mfumo mdogo wa matengenezo) linaingia sehemu ya PDA (Odin za karibuni zinaiita AP). Alama ya Re-Partition hakikisha haijawekwa tiki, usiiguse kabisa. Baada ya hapo unaingia kwenye rikavari mpya, unaweka SuperSU, inayobeba ile su, kutoka memori kadi, umemaliza. Nikafyeka maprogramu ya kiwandani yasiyofutika kwa njia ya kawaida na sasa inapumua.

Hakikisha tu laptopu ina chaji ya kutosha. Umeme ukatike katikati ya kuandika mfumo halafu laptopu iwe ile ya kutegemea ukuta, utanikumbuka.

Muadhini wa Makorora

Wallahi uzi huu ni wangu.

Msikitini kwetu kijana mmoja alitoa sadaka tableti ya Samsung, ya umri huohuo wa yako. Tukaipigilia ukutani karibu na mihrabu iwe inaonyesha saa za swala. Ikapendeza sana, mpaka umeme ulipoanza michezo yake. Betri ilishachoka, umeme ukiondoka haichukui muda nayo imezima. Umeme ukirudi haiwaki. Inaonyesha picha ya betri inayojaa, imetulia, mpaka mtu apande kigoda aibonyeze. Na ikiwaka, tarehe imerudi nyuma miaka. Wazee wameingia Alasiri, ukutani pameandikwa Isha. Mzee mmoja akauliza kama leo tunaswali kwa saa za Uchina.

Tukampa kijana mmoja mwenye ujuzi airuti. Alifanya mambo mawili kwa kutumia ruti.

La kwanza ni la kuwaka. Kwenye Samsung hizi za zamani, ndani ya /system/bin kuna faili liitwalo playlpm (nyingine linaitwa lpm). Hilo ndilo linalochora ile picha ya betri unapochaji kifaa kikiwa kimezimwa. Alilibadilisha jina akaliacha pembeni kama akiba, mahali pake akaandika faili lake lenye mistari mitatu tu: wa kwanza #!/system/bin/sh, wa pili sleep 120, wa tatu /system/bin/reboot. Ruhusa za faili akaweka 0755, akasema bila hizo halitekelezwi. Ule mstari wa sleep aliuongeza baadaye, kwa sababu betri ikiwa tupu kabisa tableti ilikuwa inawaka, inakosa nguvu, inazima, inawaka tena, ikawa burudani ya watoto wa madrasa. Sasa inasubiri dakika mbili inywe chaji kidogo ndipo iamke.

La pili ni la saa. Kuna programu iitwayo ClockSync. Bila ruti inaishia kukuonyesha saa yako imekosea kwa kiasi gani. Ikipata ruti inaisahihisha yenyewe. Intaneti inatoka kwenye simu yangu, nikifika nawasha hotspoti, tableti inajiunga, saa inakaa sawa.

Mpaka leo inafanya kazi. Kuna jambo nitaliuliza baadaye.

Binti Pangani

Yangu fupi. Tableti ya watoto, Android 5. Katuni kidogo, matangazo kibao, na matangazo yenyewe mengine si ya kuonyesha mtoto. Nimeruti nikaweka AdAway. Inaandika kwenye faili la hosts majina ya seva za matangazo, kwa hiyo programu zikiyaita hazipati jibu. Bando limepungua kuliwa.

Tahadhari moja: nilijaribu kuweka humo programu ya benki ikagoma kufunguka, inasema kifaa si salama. Programu za pesa nyingi zinachungulia kama kuna ruti. Kwa hiyo kifaa cha pesa na kifaa cha kuchezea viwe viwili.

Fundi wa Barabara ya Nane

Wagosi, nawasoma. Niongee kwa upande wa meza ya fundi.

Kabla ya yote nauliza modeli, na siamini mdomo wa mteja. P3100 ina laini ya simu, P3110 ni ya waifai tu. Kwa nje ni mapacha, mafaili yao tofauti. Samsung ikigandia kwenye nembo mara nyingi inaokoleka, kwa sababu ile skrini ya Odin bado inafunguka, unairudishia mfumo wake rasmi. Kazi iko kwenye zile zisizo na jina, za boksi jeupe. Kava moja, rangi moja, maandishi yaleyale mgongoni, ukifungua ndani bodi ni nyingine. Juzi nimeletewa moja iliyowekewa romu ya "inayofanana nayo" huko ilikopita. Inawaka vizuri, ila ukigusa kushoto inajibu kulia. Mteja anaandika namba ya siri kinyume, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Dawa yake ni romu ya bodi ileile, kwa hiyo nafungua kava nasoma maandishi ya kwenye bodi kwanza, yale ya mgongoni siyahesabu.

Njia za kuruti kwa kubofya mara moja zipo, na zamani zilikuwa na heshima yake. Towelroot ya George Hotz ilitoka Juni 2014, ilitumia kasoro iliyokuwemo kwenye kernel ya Linux yenyewe, kiini cha mfumo wa Android, ndiyo maana ilipita kwenye vifaa vingi vya wakati ule bila hata kompyuta. Lakini ukitafuta leo utaletewa nakala mia za majina hayo kutoka tovuti usizozijua, na unachokipa ruhusa ya ruti kinaona kila kitu. Mimi siziweki kwenye kifaa chenye akaunti ya mtu.

Zipo pia tableti zilizokuja na mlango wazi kutoka kiwandani. Mwaka 2016 iligundulika kwamba kernel 3.4 ya chipu fulani za kampuni ya Allwinner ilibakizwa na njia ya majaribio: unaandika neno rootmydevice kwenye faili moja la /proc, tayari wewe ni ruti. Raha kwa fundi. Ila kumbuka na programu yoyote mbaya humo ndani inaweza kuliandika neno lilelile.

Magisk mnayoisikia kwa vijana, programu nyingine ya kuruti, toleo la sasa linataka Android 6 kwenda juu. Chini ya hapo ni SuperSU.

Mwalimu wa Chumbageni

Ndugu zangu, nina maswali mawili.

Moja, vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, vinarutika?

Mbili, ninayo tableti yangu binafsi, Android 5.1. Mwaka 2024 tovuti nyingi zilianza kunikatalia, zinasema muunganisho si salama. Nimeambiwa niiruti.

Fundi wa Barabara ya Nane

Mwalimu, shikamoo. La kwanza, hicho ni mali ya serikali, mezani kwangu hakipandi.

La pili usiruti. Kwanza angalia tarehe, ikikosewa nayo inaleta ujumbe huohuo. Tarehe ikiwa sawa, basi ni cheti, kile kitambulisho cha kidijitali ambacho tovuti inajithibitishia kwa kifaa chako. Tovuti nyingi zinatumia vyeti vya bure vya shirika la Let's Encrypt. Cheti kikuu cha zamani walichokiegemea kiliisha muda 30 Septemba 2021, wakafanya mpango wa kuzibeba Android kongwe, na mpango ule ukakoma 2024. Android iliyo chini ya 7.1.1 haina cheti chao kipya, ISRG Root X1. Kipakue kwenye tovuti yao kwa simu nzima, kihamishie kwenye memori kadi, kisha kwenye tableti nenda Mipangilio, Usalama, sakinisha kutoka hifadhi. Itakulazimisha kuweka namba ya siri ya kufungulia skrini, na kitakaa kijitangazo kwamba mtandao wako huenda unafuatiliwa. Kwa sababu cheti umekiweka mwenyewe na unajua kimetoka wapi, kipuuze. Ruti hapo ingekusaidia kuondoa hicho kijitangazo tu.

Mwalimu wa Chumbageni

Marahaba. Nimefanya, zimefunguka. Kumbe nilikuwa naenda kulipa hela.

Wa Raskazone

Mnahangaika wenzetu. Si mnunue mpya tu?

Binti Pangani

Tuma hela, na ya kutolea usisahau.

Mgosi wa Ngamiani

😂 Raskazone mna upepo wa bahari, hamjui shida. Muadhini, ulisema una swali.

Muadhini wa Makorora

Naam. Tableti yetu iko kwenye chaji usiku na mchana. Naona kioo kimeanza kuinuka upande mmoja, kucha inapita katikati. Nimesoma kwamba kuna programu za ruti zinazozuia chaji isizidi kiwango. Niiweke?

Fundi wa Barabara ya Nane

Sheikh, hiyo ni betri imevimba, na ishavimba hairudi. Programu hizo zipo, lakini zinataka kernel inayokubali kuamrishwa ikate chaji, na za zamani si zote zinakubali. Kwako kizuizi cha chaji ni cha betri ijayo. Chomoa waya leo, ishushe ukutani, msibonyeze kioo kukirudisha wala msiitoboe. Iweke mahali pa wazi pasipo na mazulia, kesho niletee.

Betri mpya ikiingia tuweke na ile plagi ya kipima saa, ichaji saa chache kila siku. Hiyo haihitaji ruti wala kernel.

Muadhini wa Makorora

Tumeishusha baada ya Magharibi, iko barazani juu ya tofali. Wazee wamerudi kwenye kalenda ya karatasi na wanasema ndiyo walivyotaka tangu mwanzo. Betri ya tableti yetu inapatikana kwa kiasi gani, na saa ngapi unafungua?

Fundi wa Barabara ya Nane

Saa tatu asubuhi nipo. Bei tutaelewana ukifika, ya msikiti siongezi kitu.