Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, imenishinda. Niendelee au niiweke kabatini?

Kalamu Kavu
Wakuu, naomba ushauri. Kwa sifa zote zilizomwagwa tangu Nobeli ya 2021, nimeshika Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022. Niko katikati. Yusuf haamui lolote: anatumwa, anatazamwa, ananyamaza. Wazee wanapiga soga kurasa kwa kurasa. Kisa chenyewe kiko wapi?

Mla Vitabu
Mkuu, unamsubiri shujaa ambaye hakuahidiwa. Yusuf ni rehani. Baba yake, mwenye hoteli pale Kawa, anadaiwa na Aziz, tajiri wa misafara ya biashara, akamtoa mtoto akiwa na miaka kumi na miwili. Khalil wa dukani kwa Aziz naye kaletwa kwa deni la baba yake. Kitu cha rehani hakijiamulii, ndiyo maana Khalil anamwita mwenzake "kifa urongo", yaani mfu aliye hai.

Chukua karatasi, kila jina jipya likiingia andika anamdai nani au anadaiwa na nani. Usimruke Mzee Hamdani wa bustanini. Anasema machache, lakini ndiye anayeuliza aliyetaka kumpa uhuru aliupata wapi hata akawa nao wa kumgawia. Ukipita hapo mbio, umepita moyo wa kitabu.

Bint Pwani
Kabla ya kuendelea soma Sura Yusuf, hasa aya ya 23 hadi 34. Mume wa mwanamke anayemtamani Yusuf katika kisa kile anaitwa Al-Aziz. Sasa tazama nani ana bustani, nani ni mke wake, na kanzu inachanwa upande gani. Ukijua asili, utaona mwandishi alipopinda: Nabii Yusuf anatoka gerezani akapewa madaraka, huyu wa Gurnah hapewi hata ufunguo wa geti. Nabii anafasiri ndoto za wengine, huyu anasumbuliwa na zake, za mbwa.

Mkosoaji Huru
Jamani, tusimfanye mwenzetu aone kutopenda ni ujinga. Wanawake wanachelewa mno kuingia: Amina wa nyumbani kwa Aziz anapata kauli kitabu kikikaribia kwisha. Halafu kuna la tafsiri. Katika kitabu asilia cha Kiingereza cha 1994, Paradise, "seyyid", "mnyapara" na "rehani" yanamkwaza msomaji makusudi. Yakirudi kwenye Kiswahili yanakaa kimya, hayamkwazi mtu. Si kosa la mfasiri, ameyarudisha kwao tu. Faida iko kwenye mazungumzo, kwa hiyo yale ya Hamid, Kalasinga na Hussein yasome kwa sauti. Ni barza ile, wanataniana huku Mjerumani anazidi kusogea. Ukiyasoma kimyakimya kutafuta tukio, utasinzia.

Mla Vitabu
Nakubali kuhusu Amina. Ila kwa aliyefika katikati, msafara wa kwa Chatu, mtemi wa bara, ndio unakuja, na hapo mwendo unabadilika. Ukitaka kuonja zaidi, tafuta safari ya Selemani bin Mwenye Chande katika mkusanyo wa safari za Waswahili wa Mjerumani Carl Velten wa 1901. Humo yumo mtemi Chata anayewapora wafanyabiashara, na wasomi wameuona uhusiano. Linganisha nani anasimulia: kule mfanyabiashara mwenyewe, huku kijana asiye na hisa hata ya shanga moja.

Kalamu Kavu
Nimewasoma. Mwisho je? Nimesikia unakatika ghafla.

Bint Pwani
Natoboa, asiyetaka aruke. Yusuf anawakimbilia askari wa Mjerumani waliotoka kuzoa watu. Ni ghafla kweli, lakini rudi nyuma kidogo uone mbwa wanakula nini askari walipokwisha kuondoka, na Yusuf anajitambua kwa nani. Ukisoma sentensi ya mwisho peke yake utaona ameamua kama kichaa.

Bado una kiu ya yanayofuata? Soma Afterlives, riwaya yake ya 2020. Hamza wa humo anaanzia karibu pale pale, ndani ya jeshi hilo, na safari hii kisa kinakwenda hadi watu wanaoana.

Mkosoaji Huru
Nenda hadi Mzungu afike kwa Chatu na kumbana. Hapo bado hakijakushika, gawa kitabu.