Majengo ya chuma ya kabla ya 1994 Los Angeles: yalazimishwe kukarabatiwa au yaachwe?

Mtoa mada
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Oktoba 2015 jiji la Los Angeles lilipitisha sheria za kuwalazimisha wenye majengo kuyaimarisha dhidi ya matetemeko: ya mbao yenye ghorofa ya chini dhaifu, yale yanayoegeshwa magari chini, na ya zege ya zamani. Majengo ya fremu za chuma yakaachwa. Majirani zao wa Santa Monica, mwaka 2017, wakayaweka na ya chuma, wakawapa wenyewe miaka 20. Nani kapatia?

Mimi niko na Santa Monica, ila nao wameshika nusu ya tatizo.

Tetemeko la Northridge, kitongoji cha Los Angeles, lilipiga tarehe 17 Januari 1994, ukubwa wa 6.7. Hadi siku hiyo fremu ya chuma ilisifiwa kwamba hupinda kabla ya kukatika. Maungio yake yalikuwa hivi: kiuno cha bimu (bamba lake la wima la katikati) kinafungwa kwa bolti kwenye pleti ya nguzo, kisha mabawa yake (mabamba ya kulala) ya juu na chini yanachomelewa palepale saiti. Hakuna jengo la namna hiyo lililoanguka. Mengine kwa nje hayakuonyesha kitu kabisa. Ni mpaka mafundi walipokwangua plasta ya kuzuia moto ndipo wakakuta weldi za bawa la chini zimepasuka, na penginepo ufa umeingia hadi ndani ya nguzo. Majengo zaidi ya 100!

Dawa mojawapo iliyokubalika baadaye ni mabano mazito yanayofungwa kwa bolti. Napenda njia hiyo, maana huwezi kurusha cheche za weldi kwenye ofisi yenye mazulia na makabati ya karatasi. Shida ni moto. Bolti ngumu hupata ugumu wake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani, kwa hiyo moto unaurudisha nyuma. Kwa kanuni za Ulaya, kwenye nyuzi 600 bimu inabaki na asilimia 47 ya nguvu zake, bolti asilimia 22 tu.

Na moto baada ya tetemeko si hadithi. San Francisco 1906 mabomba ya maji yalipasuka, zimamoto wakabaki na mipira mitupu, na moto ndio ulioumaliza mji. Leo bado ungio linapimwa kwa tetemeko kivyake na kwa moto kivyake, wakati plasta inabanduka palepale bimu inapopinda. Anayelazimishwa kuimarisha ungio alazimishwe pia kulifunika kwa kitu kisichobanduka.

Fundi chuma, Buguruni
Mkuu umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Kosa ni la plasta, unambebesha bolti. Ungio ndipo chuma kimerundikana: pleti, nati, nguzo yenyewe. Panachelewa kupata moto kuliko katikati ya bimu, na hizo kanuni zako za Ulaya zinalikubali hilo. Bimu ikifika 600, bolti bado haijafika.

Mtoa mada
Moto ukiwa unawaka, sawa kabisa. Hesabu na kupoa sasa. Bimu ya mita 10 ikipanda joto nyuzi 500 inarefuka zaidi ya sentimita 6, inasukuma nguzo, na kwa kuwa haina pa kwenda inalegea na kujikunja. Moto ukizimwa inasinyaa na kuvuta, huku ungio, kwa huohuo unene unaousema, likiwa bado na joto. Kule Cardington, Uingereza, miaka ya 1990 walichoma jengo la majaribio la ghorofa 8. Halikuanguka, lakini pleti za maungio zilichanika na bolti zikakatika wakati wa kupoa. Yaani zimamoto wanakunja mipira, ungio ndiyo kwanza linakatika.

Mhandisi, Mwanza
Mnagombania ungio ambalo silo. Yaliyopasuka Northridge ni maungio magumu ya fremu inayobeba tetemeko, na mara nyingi fremu hizo ni chache tu ndani ya jengo. Sakafu zinabebwa na maungio mepesi, bolti chache na kipande cha pleti. Tazameni jengo la 7 World Trade Center la New York, ghorofa 47, Septemba 11, 2001. Liliungua kwa muda wa karibu saa saba bila maji ya kuzimia. Taarifa ya 2008 ya NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, ilisema bimu za sakafu zilirefuka zikausukuma mhimili mkubwa ukatoka kwenye kiti chake kwenye nguzo namba 79. Hapo hakukuwa na weldi ya Northridge. Sheria ikigusa fremu peke yake, hayo maungio mepesi nani atayakagua?

Mpangaji, Long Beach
Samahanini wataalamu, mie ni Mkenya wa huku jirani na Los Angeles. Kwenye nyumba za mbao, Los Angeles iliruhusu nusu ya gharama abebeshwe mpangaji, isiyozidi dola 38 kwa mwezi. Mkigusa chuma mnaanza kwa kukwangua plasta, na kwenye majengo ya miaka ya 60 hiyo plasta inaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zenye sumu kwa mapafu. Hapo bolti ndiyo gharama ndogo. Nani analipa?

Fundi chuma, Buguruni
Hapo dada umegusa penyewe. Kufunga bolti ni kazi ya spana na saa chache. Kulifikia ungio ndiko kunakofilisi.

Mtoa mada
Mhandisi, nakubali ukaguzi uingie hadi sakafuni, na nitaongeza: dari ikishafunguliwa kwa ajili ya fremu, maungio mepesi ya hapo hapo yatazamwe siku hiyohiyo, asbesto ilipiwe mara moja. Ila hiyo haiwi sababu ya Los Angeles kutogusa kitu. Nyufa za 1994 zilionekana kwa sababu kuna watu walilazimika kukwangua. Ambako hakuna aliyekwangua, hakuna anayejua.

Mpangaji, Long Beach
Sawa, lakini bado hamjanijibu nani analipa.