Tupeane uzoefu: Kuonyesha filamu za zamani za waigizaji waliotoka jukwaani

Mwanzisha mada
Wakuu, heshima kwenu. Sidney Poitier wengi tunamjua kwa Oscar ya 1964, lakini aliyemlea ni jukwaa. American Negro Theatre, kikundi cha tamthilia cha Weusi wa New York, walimkataa mara ya kwanza kwa lafudhi yake ya Bahamas. Akajifunza kutamka kwa kuwaiga watangazaji wa redio, kisha akajitolea kufanya usafi pale ili apewe masomo. Mwaka 1959 alikuwa Walter Lee katika tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, kwenye majumba ya tamthilia ya Broadway, New York. Filamu ya 1961 ikawachukua wenzake wa jukwaani: Claudia McNeil, Ruby Dee, Diana Sands. Ndiyo maana naipenda sana: mmoja anaongea, wengine wako naye kwenye fremu hiyohiyo, na Poitier hata akinyamaza mabega na vidole vyake vinaendelea kusema. Ukionyesha vibaya, hayo ndiyo yanapotea kwanza. Mnaoonyesha hapa Dar, mwageni maujuzi.

Mdau wa Magomeni
Anza na umbo la picha. Hiyo ya 1961 ni 1.85 kwa 1: picha ikiwa na upana wa mita 2.4, kimo ni mita 1.3. Filamu za miaka ya 1930, kama za Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji wa Marekani, ni karibu nne kwa tatu, hivyo kwa kimo hichohicho upana unaishia mita 1.8 hivi. Kosa la kila siku ni mtu kuona mapengo meusi pembeni akadhani ni kasoro, akabonyeza rimoti mpaka picha ijae. Robeson, pande la mtu, anageuka mfupi mnene.

Namna ya kupima: simamisha picha penye saa ya ukutani ya duara iliyotazama kamera, weka rula mlalo kisha wima. Vipimo visipolingana, picha imevutwa. Yale mapengo ya pembeni yafunike kwa kaniki. Mwanga unaozagaa unamezwa, na picha ya nyeusi na nyeupe inakolea papo hapo.

Mdau wa Upanga
Mkuu wa Magomeni umenena. Mimi naongeza mwendo. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde, DVD za PAL (mfumo wa video wa Ulaya na kwetu) huzichezesha 25. Filamu ya dakika 128 inaisha kwenye 123, na mara nyingi sauti nayo inakuwa nyembamba. Kwa besi ya Robeson hiyo ni hasara kubwa! Tafuteni Blu-ray inayokwenda 24.

Hapo ndipo maandishi ya chini yanapoharibika pia. Faili lililotengenezwa kwa 24 ukiliweka kwenye nakala ya 25, saa ya kwanza ikiisha maneno yamechelewa karibu dakika mbili na nusu. Kuyasogeza kwa sekunde hakusaidii, kwa sababu pengo linaongezeka kila dakika. Fungua Subtitle Edit, programu ya kompyuta ya kuhariri maandishi hayo, badilisha fremu kutoka 24 kwenda 25, hifadhi upya. Ukitafsiri Kiswahili, usizidishe mistari miwili, herufi kama 40 kila mmoja. Na tafadhali, kutafsiri juu kwa juu kwa maiki kama vibanda umiza kunanoga kwenye filamu za mapigano. Kwenye tamthilia kunaua vituo vya mwigizaji, pale anaponyamaza, na kituo ni nusu ya kazi yake.

Mwanzisha mada
Asante sana, dada. Na sauti je, na umeme?

Mdau wa Kigamboni
Sauti za filamu hizo nyingi ni za njia moja (mono). Weka spika moja katikati, chini ya kitambaa cha kuonyeshea, usawa wa masikio ya waliokaa. Ukiweka mbili mbalimbali, maneno yanaonekana kutoka ukutani badala ya mdomoni. Punguza besi, pandisha kidogo sauti za kati. Feni zile za kelele zima dakika chache kabla, ukumbi uwe umeshapoa.

Umeme: projekta ya taa inahitaji feni yake iendelee kuzunguka baada ya taa kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla, joto linabaki ndani na taa inaweza kufa. Weka UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika; si ya kumalizia filamu, ni ya kuizima taratibu mpaka ipoe.

Nje, usianze kabla ya saa moja na nusu usiku. Kibali cha Bodi ya Filamu na ruhusa ya mwenye haki shughulikieni mapema; kununua DVD hakukupi haki ya kuonyesha hadharani.