Mjadala: Mzazi atie sahihi mkataba wa mitandao shuleni?

MwalimuKisauni: Naunga mkono kila mzazi asaini mkataba wa adabu ya mtoto mitandaoni muhula ukianza. Simu haziingii darasani, lakini matusi ya usiku kwenye grupu la WhatsApp asubuhi yako dawatini, na mwalimu ndiye anayeyaamua. Wazazi wengi hata TikTok hawajui inafunguliwa vipi.

FundiLikoni: Sahihi haizuii kitu, mwalimu. Kaangalie tarehe ya kuzaliwa kwenye akaunti ya mtoto. Mtoto wa miaka 13 akiandika amezaliwa 1995, TikTok inamhesabu mtu mzima. Hapo kinga zinapotea: walio chini ya 16 akaunti yao huwa ya faragha na hawatumiwi ujumbe wa siri, na chini ya 18 kikomo ni dakika 60 kwa siku. Akaunti ya uongo ifutwe, ifunguliwe nyingine kwa tarehe ya kweli.

BintiMvita: Mwalimu, "hawajui" umemwambia nani? Mama anayeuza mboga soko la Kongowea anatuma na kupokea pesa kwa simu kutwa nzima. Mkutano mnauita Jumanne saa nne asubuhi, halafu mnasema wazazi hawashiriki! Uitisheni Jumapili alasiri, kila mtu aje na simu yake na ya mtoto, muone.

MwalimuKisauni: Dada, sikumdharau mtu. Lakini Jumapili nani atawalipa walimu?

BintiMvita: Na picha je? Nyinyi ndio mnaorusha watoto wetu Facebook na sare zao, jina la shule linasomeka kifuani. Halafu mimi ndiye nisaini mkataba wa adabu?

Pwani_Sheria: Hapo dada kasema kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha ni data. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni nne na ushei kwa kosa hilo hilo.

MwalimuKisauni: Picha za michezo pia? Wazazi wenyewe ndio wanaoziomba.

Pwani_Sheria: Pia. Kuomba kwenye grupu si idhini ya wazazi wengine 40.

FundiLikoni: Jamani, TikTok tumeiacha njiani. Mkutano ukiwepo, fanyeni hivi: wasifu, mistari mitatu, mipangilio na faragha, Family Pairing, yaani kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto. Mzazi awe na akaunti yake, akaunti mbili ziunganishwe kwa msimbo wa QR. Inapofeli ni mtoto akiwa na akaunti ya pili, maana kinachounganishwa ni akaunti, si simu. Gusa jina lililo juu ya wasifu kwenye simu ya mtoto, akaunti nyingine zilizoingizwa humo zitatokea.

BintiMvita: Hiyo nitakuja kujifunza. Lakini picha zitolewe kwanza.

MwalimuKisauni: Zote? Tangu mwaka gani?

BintiMvita: Zote. Anzeni na za chekechea.